Hiyo lastiki ndiyo itakayokuaibisha jukwaani

"Fundi, sidiria ninayo, shanga ninazo, wewe nitundikie tu. Ila lastiki usiiguse, ndiyo inayonishika."

Ujumbe huu nimeshaupokea kwa maneno ya kila namna hadi nimeuchoka, na wiki hii umetoka kwa mwalimu wa belidansi, ile dansi ya Kiarabu ya kutikisa tumbo na mabega, anayetaka sidiria ya dukani igeuzwe vazi la kuchezea. Mwalimu! Mtu mwenye wanafunzi, ambao bila shaka wameshaambiwa hivyohivyo, na mmoja mmoja watanijia na mfuko wa shanga na sidiria mpya inayovutika kama manati. Basi naandika mara moja, atakayeuliza tena nitamtumia linki.

Lastiki yote inatoka. Ya begani, ya mgongoni, ya pembeni chini ya kwapa, hata kale kautepe kembamba kanakozunguka ukingo wa kikombe kama nako kananyumbuka. Vinabaki vikombe viwili, waya zake, na kile kipande kidogo cha katikati kinachoviunganisha, ambacho nacho kitakazwa. Vingine vyote vinashonwa upya kwa kitambaa kisichovutika. Ukienda dukani kununua sidiria ya kugeuza, jua unanunua vikombe, mengine unalipia ili niyakate.

Naelewa wazo la kubakiza lastiki linatoka wapi. Sidiria ya kila siku kweli inashika kwa lastiki. Kazi yake ni kubeba kifua cha mtu anayetembea, anayekaa ofisini, anayepanda daladala. Hakuna aliyeitengeneza akiwaza nusu kilo ya kioo ikining'inia mbele.

Na nusu kilo sijatia chumvi. Chukua shanga ndogo za kioo, zile namba 11. Gramu moja ina kama shanga 110. Uzi mmoja wa tamvua, zile nyuzi za shanga zinazoning'inia, wenye urefu wa sentimita 15 unakula shanga mia na kidogo, yaani karibu gramu moja. Chini ya vikombe vyote viwili nikipanga uzi kila baada ya nusu sentimita, napata nyuzi kama 80, na wengi mnataka safu mbili. Hapo hatujafunika vikombe vyenyewe, hatujaweka mawe, hatujaweka zile shanga ndefu za mrija ambazo ni nzito zaidi, wala yale matone makubwa mnayoyapenda katikati ya kifua. Sidiria tupu ina kama gramu 100. Tunaibebesha mzigo mara nne au tano ya uzito wake, halafu tunaiambia icheze.

Sasa angalia kinachotokea. Mchezaji anatetemesha mabega. Bega linakwenda mbele, lakini sidiria inachelewa, kwa sababu lastiki lazima ivutike kwanza ndipo mzigo usogee. Bega likirudi, sidiria ndiyo kwanza inakwenda mbele. Mwili uko na mapigo, kifua kiko nyuma ya mapigo. Kibaya zaidi ni pale anapokata ghafla, ile mikato mizuri ya mwisho wa solo ya ngoma: mpiga tabla kanyamaza, mchezaji kaganda, sidiria bado iko kwenye wimbo. Watu wanacheka na yeye hajui wanacheka nini.

Matamvua yanatakiwa kurushwa. Yanaruka vizuri pale yalipofungwa panapokuwa pamekazwa na mwili, ili kila mtikisiko ufike kwenye uzi bila kupungua njiani. Ukiweka lastiki katikati, inameza mtikisiko. Unacheza kwa nguvu mara mbili na yanayumbayumba tu. Nimeona wachezaji wazuri wakilaumiwa kuwa wazito kumbe nguo ndiyo inayowaibia.

Halafu kuna uzi wenyewe. Uzi wa nailoni uliopakwa nta hauvutiki kama lastiki, na hatutaki uvutike. Ukidarizi puleki juu ya lastiki iliyolala mezani, siku ya kuvaa lastiki inatanuka, uzi haufuati, unakatika. Najua wajanja wanasema, "Basi shona huku umeivuta." Nimeletewa kazi za hivyo nirekebishe. Ikivuliwa mwilini, lastiki inajikunja, puleki zinapandana na kukwaruzana, na baada ya muda zinabanduka rangi. Hakuna namna ya kushinda hapo.

Jaribu na hili nyumbani. Chukua sidiria yako ya 34, ilaze mezani bila kuivuta, pima mkanda wake kutoka kulabu hadi kitanzi. Pengine utapata inchi 26 au 27. Inchi zilizobaki za kuuzunguka mwili zilikuwa zinatoka kwenye lastiki. Ndiyo maana anayefunika mkanda uleule kwa satini bila kuubadilisha anapata kitu kizuri sana kisichofunga. Mkanda mpya unapimwa mwilini, kamwe usipimwe juu ya sidiria.

Faida moja inatoka hapa ambayo watu hawaijui. Kwa kuwa mkanda tunautupa, namba ya mkanda haikuhusu tena. Kikombe cha 36B ni kilekile cha 34C kwa ujazo. Kwa hiyo ukikosa saizi yako usilie, panda namba ushuke herufi, au kinyume chake.

Wanaotetea lastiki wana hoja tatu, na si za kijinga, tuzijibu.

Ya kwanza ni mikono. Kwenye dansi hii mikono iko juu nusu ya muda, na mkanda wa begani usiovutika utainua kikombe kila mkono ukipanda. Ni kweli, kama utaushona pale lastiki ilipokuwa. Mikanda ya dukani imekaa nje sana, karibu na ncha ya bega, mahali panaposogea kuliko pote. Isogeze kuelekea shingoni, ambapo mkono ukipanda bega linainuka kidogo tu. Nyuma usiishushe moja kwa moja, ikutanishe karibu na uti wa mgongo au ipishane kama alama ya X. Halafu pima mikono ikiwa juu. Mafundi wengi wanapima mteja kasimama kama anapigwa picha ya kitambulisho, kisha wanashangaa. Ile ya kufunga shingoni naifanya mteja akisisitiza, lakini namwonya mapema: uzito wote ule kwenye shingo kwa saa nzima ya harusi, kesho yake atauguza kichwa.

Ila siri kubwa zaidi ni kwamba mikanda ya begani haitakiwi kubeba. Mkanda wa chini ndio unaobeba. Kabla sijaishona ile ya juu, mteja anavaa sidiria ikiwa na mkanda wa chini peke yake, anaruka, anainama, anatetemesha. Ikishuka, mkanda wa chini haujakaa sawa, na hakuna mkanda wa begani utakaoiokoa. Wateja wanaona aibu kwenye zoezi hili. Afadhali aibu ya chumbani kwangu.

Hoja ya pili ni pumzi. Hapa sina jibu safi. Kifua kinatanuka ukivuta hewa, na mchezaji anahema. Nikipima pumzi ikiwa imejaa, akiitoa mkanda unalegea. Nikipima akiwa ameitoa, hapumui. Napima katikati, na hiyo katikati naijua kwa vidole, siwezi kukuandikia sentimita zake. Anayekupa kanuni ya namba kwa jambo hili anakudanganya au ana wateja wa aina moja.

Ya tatu ni mwili kubadilika. Ndani ya mwezi mmoja kifua na tumbo la mwanamke vinajaa na kupungua, mkanda mgumu haujali. Ninaweka safu mbili za vitanzi, zikipishana sentimita mbili. Kwa wanaobadilika sana naweka matundu na kamba nyuma, kama kiatu, ingawa zinachukua muda kufunga na lazima uwe na wa kukusaidia.

Na niseme ukweli wote. Kuna mafundi ninaowaheshimu wanaoacha kipande kifupi cha lastiki nzito nyuma kabisa, karibu na kulabu, kikiwa kimefichwa ndani ya kitambaa kilichokunjwa. Nimeishika kazi yao, nimeiona ikichezewa, inatulia. Pale hapana shanga, kwa hiyo sababu yangu ya uzi haiwahusu, na kipande ni kifupi kiasi kwamba hakirushi. Kwa hoja siwezi kuwashinda, nimebaki na ubishi tu. Lakini hao wanajua wanaacha nini na kwa nini. Wewe unayeniambia "usiiguse" hujafika huko.

Tatizo naona linaanzia kwenye kudhani kwamba hii ni nguo ya ndani iliyopambwa. Vazi hili la vipande viwili, kifua na mkanda wa kiunoni, lilikulia kwenye kumbi za starehe za Cairo, hasa ule ukumbi alioufungua mchezaji Badia Masabni mwaka 1926, walikopitia wachezaji mashuhuri akina Tahia Carioca na Samia Gamal. Lilikuwa vazi la jukwaa tangu mwanzo, la kuonekana na aliyekaa meza ya mwisho huku bendi nzima ikipiga nyuma. Tafuteni filamu za Samia Gamal za miaka ya 1940 na 1950, mtazame kinachopepea ni nini: ni shifoni ya sketi na mtandio, na mwili wenyewe. Hata ule wavu wa tumboni mnaouona kwenye nguo za Kimisri, uliotokana na masharti ya serikali ya kufunika tumbo, unashikizwa chini ya sidiria. Jaribu kushikiza wavu kwenye kitu kinachopanda na kushuka.

Haya, ujenzi wenyewe, upesi.

Vikombe viwe vya sponji iliyofinyangwa, vinavyosimama vyenyewe mezani, vyenye waya. Vya lesi laini havifai, vya jeli havifai, sindano ikipita vinatoa machozi. Na msiniletee sidiria ya mtumba. Mbali ya kwamba Shirika la Viwango Tanzania (TBS) limepiga marufuku nguo za ndani za mitumba, waya wake umeshapindishwa na kifua cha mtu mwingine. Nunua kikombe kikubwa kwa herufi moja kuliko unachovaa, maana kitambaa cha nje, nyuzi na bitana vinakula nafasi na kikombe kilichodariziwa hakitanuki tena. Kwa wengi herufi moja inatosha. Kwa wachache haitoshi, na sijagundua dalili ya kuwatambua mapema. Ndiyo sababu navalisha mara kwa mara kabla ya shanga ya kwanza.

Mkanda: matabaka mawili ya marekani nzito, katikati kitambaa kigumu cha kukazia kola, upana usipungue sentimita nne mgongoni. Mikanda ya begani vivyo hivyo, myembamba kidogo. Kipande cha katikati kati ya vikombe nakikaza kwa tabaka hilohilo mbele na nyuma, vinginevyo kinakunjika kama bawaba na vikombe vinatazamana. Ukingo wa juu wa kikombe unapitishiwa utepe usiovutika kwa ndani, ukiuvuta kidogo sana, ili mdomo usiachie unapoinama. Hilo la mwisho msiliruke. Meza za mbele ziko chini ya jukwaa lakini wewe ndiye unayeinama.

Kufunika: velveti ya kunyumbuka inasamehe, satini haisamehi. (Ndiyo, kitambaa cha juu kinaruhusiwa kunyumbuka, kwa sababu kikishavutwa na kushonwa kwenye msingi mgumu hakiendi popote. Nimeshaulizwa.) Piga bandi kwanza, kisha shona kwa mkono. Gundi ya moto sitaki kuiona. Ikikauka sindano haipiti, na joto kali linailainisha tena siku usiyotaka.

Shanga mnazijua kuliko mimi, nasema moja tu: kila uzi wa tamvua na fundo lake. Ukipitisha uzi mmoja safu nzima ili uwahi, ukikatika sehemu moja jukwaa zima linakuwa la kuteleza, na mchezaji yuko pekupeku.

Kulabu zile ndogo za sidiria tupa. Tumia kulabu bapa za kiunoni mwa suruali, mbili au tatu, na kila moja ishonwe hadi kwenye tabaka la katikati, si kwenye kitambaa cha juu tu. Za chuma cha kawaida zinapata kutu kwa jasho na hewa yetu ya bahari, na kutu ikishaingia kwenye satini haitoki, kwa hiyo tafuta za shaba au zilizopakwa rangi. Bitana inakuja mwisho kabisa, ya pamba, kwa mshono mrefu unaofumuka kirahisi, maana ndiyo itakayobadilishwa. Vazi lenyewe halifuliwi. Baada ya onyesho ligeuze, puliza ndani spiriti iliyochanganywa na maji, lilaze kivulini likauke, na usilitundike kwa mikanda yake.