Joto la Chumba Ni la Chumba cha Nani?

Jumamosi iliyopita mteja mmoja, mzee wa heshima ambaye amekunywa mvinyo kwa miaka mingi kuliko mimi, aliigusa chupa niliyompelekea mezani, akakunja uso, kisha akaniambia mbele ya wageni wake: "Kijana, waini nyekundu haiwekwi kwenye friji. Inanywewa kwa joto la chumba." Nikamjibu, "Sawa, mzee," nikaenda kumchukulia nyingine iliyokuwa rafuni, kwa sababu hotelini mteja hakosolewi mbele ya wageni wake. Hata hivyo, maneno hayo nimeyasikia mara nyingi mno, kutoka kwa wateja, kutoka kwa wahudumu wapya ninaowafundisha, na hata kutoka kwa mawakala wanaotoka Dar es Salaam kuja kutuuzia mvinyo wenyewe, na leo nitayajibu kwa kirefu.

Chumba kinachotajwa katika kanuni hiyo ni chumba cha kulia katika nyumba ya mawe ya Ulaya, enzi za kabla ya mitambo ya kupasha nyumba nzima joto, ambacho kwa sehemu kubwa ya mwaka kilikuwa na nyuzijoto 16 hadi 18. Chupa ilitolewa katika ghala la chini ya ardhi ikiwa na nyuzijoto kama 12, ikaachwa mezani kwa muda ili ipate uvuguvugu kidogo. Kanuni iliwekwa ili mvinyo usinywewe ukiwa na baridi ya ghala, wala haikumfikiria mtu anayeishi nyuzi 10 kusini mwa ikweta, kando ya Bahari ya Hindi. Mwezi Desemba baraza letu la kulia hufika nyuzijoto 31 saa tisa alasiri, na rafu iliyopakana na jiko huzidi hapo. Hata upepo wa kusi unapovuma, mwezi Julai, chupa iliyoshinda rafuni haishuki hadi 18. Anayetumia kanuni ya Bordeaux, eneo la mvinyo la Ufaransa, ndani ya chumba cha Shangani, hapa Mtwara, ameshika maneno na kuiacha maana.

Kinachoniudhi zaidi ni matokeo yake. Watu wale wale wanaokataa chupa iliyopozwa ndio wanaoniambia kwamba mivinyo myekundu yote ina ladha moja na kwamba kinachotofautiana ni bei tu. Nao wanasema kweli, kwa sababu katika nyuzijoto 30 yote huwa na ladha moja. Alkoholi hugeuka mvuke kwa wingi zaidi kadiri kinywaji kinavyopata joto, ikatangulia puani na kufunika harufu nyepesi za matunda, maua na viungo. Uchachu unaoupa mvinyo uhai hulegea mdomoni, na utamu wa matunda hujitokeza kupita kiasi. Mvinyo wa Burgundy, Ufaransa, wenye harufu ya matunda mekundu na majani makavu, na ule wa Barossa, Australia, wenye harufu ya pilipili manga na matunda meusi, vyote huwa pombe yenye harufu ya jamu. Ukishawanyima watu tofauti hizo, huwezi kuwaambia kwamba maeneo yana maana.

Sasa nisieleweke vibaya, maana wapo wanaonielewa vibaya kwa haraka sana: sisemi kwamba mvinyo mwekundu utolewe moja kwa moja kwenye friji yenye nyuzijoto 4 na kumiminwa. Baridi nayo ina adhabu yake, na adhabu hiyo inaitwa tanini. Mtu aliyekulia Mtwara au Lindi hahitaji kufundishwa tanini, kwa kuwa amewahi kung'ata bibo ambalo halijaiva sawasawa na kuhisi ulimi wake ukikauka na mashavu yakivutwa kwa ndani. Ukakasi ule wa bibo unatokana na tanini, na ukakasi wa mvinyo mwekundu unatokana na jamii hiyo hiyo, inayotoka kwenye maganda, mbegu na vikonyo vya zabibu, na kwa kiasi fulani kwenye mapipa ya mwaloni. Mvinyo unapopoa sana, ukakasi huo huwa mkali na uchungu huongezeka, huku harufu zikijificha. Kwa hiyo suala si kupoza au kutopoza. Suala ni kupoza kwa kiasi gani, na jibu linategemea mvinyo umetoka wapi na umetengenezwa kwa zabibu gani.

Chukua Beaujolais, kusini tu ya Burgundy. Zabibu yake ni Gamay, tanini yake ni kidogo, na mivinyo yake mingi huanza kuchachuka vishada vikiwa vizima, jambo linaloongeza harufu za matunda bila kuongeza ukakasi. Huo naupoza hadi nyuzijoto 12 au 13 bila woga wowote, na Wafaransa wenyewe hufanya hivyo. Pinot Noir ya Burgundy ina ganda jembamba na hupendeza kwenye 14 hadi 16. Bordeaux, ambako kingo ya kushoto ya mito yake, yenye changarawe, hutegemea zaidi zabibu ya Cabernet Sauvignon na ile ya kulia, Saint-Émilion na Pomerol, hutegemea zaidi zabibu ya Merlot, huhitaji 16 hadi 18. Rioja ya Hispania, Mendoza ya Argentina na Stellenbosch ya Afrika Kusini naziweka humo humo, na sitatumia muda mwingi kwazo.

Ila kwa Barolo lazima nisimame, kwa sababu ndiyo inayowadanganya wahudumu wangu kila mara. Inatoka Piemonte, kaskazini magharibi mwa Italia, na zabibu yake ni Nebbiolo. Rangi yake ni nyepesi, unaweza kuona vidole vyako nyuma ya glasi, na mhudumu mpya akiiona rangi hiyo hudhani ni mvinyo mwepesi, akautumbukiza kwenye barafu pamoja na Beaujolais. Kumbe Nebbiolo ni miongoni mwa zabibu zenye tanini kali kupindukia na uchachu wa juu. Sheria ya Italia inataka Barolo ikae miezi 38 kabla ya kuuzwa, 18 kati ya hiyo ikiwa ndani ya mbao, na hata baada ya hapo chupa changa huweza kukukausha mdomo kabisa. Ukiinywa kwenye nyuzijoto 12 utadhani umeonewa. Ukiinywa kwenye 30 utapata alkoholi na uchungu bila harufu yake ya waridi. Kwenye 17 au 18, baada ya kuimimina kwenye jagi na kuiacha saa nzima, ndipo inapoeleza kwa nini watu huisubiri.

Wageni wanaovuka Ruvuma kutoka Msumbiji huagiza mvinyo wa Kireno, wa Douro au Alentejo. Alentejo ni eneo ambalo kiangazi chake huweza kufika nyuzijoto 40, na wanywaji wake wanajua joto ni nini. Sijawahi kumsikia hata mmoja wao akilalamikia chupa iliyopozwa.

Yapo mambo ambayo vitabu huyaandika kwa ujasiri mkubwa kuliko nilio nao mimi. Namba nilizotaja hapo juu ziliandikwa na watu walioketi katika hali ya hewa nyingine, na kwa uzoefu wangu mtu anayetokwa na jasho barazani huufurahia mvinyo ule ule ukiwa nyuzi mbili chini ya kipimo cha kitabu. Nina shaka pia na habari za ladha ya mawe na udongo ndani ya glasi. Udongo huamua maji mangapi mzabibu unayapata na zabibu zinaiva kwa kasi gani, hilo nalikubali; lakini kwamba ulimi unaonja chokaa ya shambani, wanakemia wengi hawakubaliani nalo, nami niko upande wao. Anayejigamba kwamba hutambua kila eneo kwa kuonja tu akumbuke Chile, ambako zabibu ya Carmenère iliuzwa kwa jina la Merlot kwa miaka mingi, mbele ya wataalamu waliokuwa wakiionja, hadi mwaka 1994 Mfaransa Jean-Michel Boursiquot alipoitambua shambani kwa kuutazama mmea.

Kuna joto jingine ambalo friji haiwezi kulirekebisha, nalo ni la safarini. Kutoka Dar es Salaam hadi Mtwara ni zaidi ya kilomita 550, na katoni iliyovuka Daraja la Mkapa adhuhuri ndani ya lori lililofungwa turubai imeshapikwa kabla ya kutufikia. Dalili yake ni kizibo kilichosukumwa juu kidogo ya mdomo wa chupa, unyevu wa kunata chini ya kifuniko, na harufu ya matunda yaliyochemshwa. Duka linalopanga chupa dirishani zikiangalia jua linafanya kazi hiyo hiyo polepole. Mimi hukataa chupa hizo bila mjadala, bei iwe yoyote.

Mvinyo wa Dodoma nimeuacha hadi sasa kwa makusudi, kwa kuwa ndio unaoonewa zaidi na joto la chumba. Dodoma iko kwenye mwinuko wa mita zipatazo 1,100, usiku wa Juni na Julai huwa na baridi, na kwa kuwa mzabibu haupati majira ya kupukutisha majani na kulala kama ule wa Ulaya, mkulima huuamsha kwa kuupogoa na kuvuna mara mbili kwa mwaka. Mivinyo mikavu ya huko, iwe ya zabibu ya Makutupora au ya Syrah, ina matunda ya wazi na tanini ya wastani, na kwenye nyuzijoto 15 huwa mizuri kwa pweza wa kuchoma kuliko chupa kadhaa za bei kubwa zilizo rafuni mwetu. Tanini kali na samaki wa mafuta huleta ladha ya chuma mdomoni; tanini ya wastani na pweza haina tatizo hilo.

Kwa wale wasio na kipimajoto: chupa iliyokuwa kwenye nyuzijoto 30 huchukua karibu saa mbili ndani ya friji ya kawaida kufika 16, au kama dakika kumi ndani ya ndoo ya barafu iliyochanganywa na maji, kwa sababu barafu tupu huigusa chupa sehemu chache tu. Mimina kidogo kidogo, maana barazani glasi hupata joto haraka kuliko mazungumzo yanavyoisha, na chupa irudi kwenye ndoo pale tu unapohisi alkoholi inatangulia puani. Kinachobaki kizibwe na kilale kwenye friji, kisha kesho yake kitolewe nusu saa kabla ya chakula.