Uanachama wa gofu unaouzwa: unanunua nini hasa?

Aliyewahi kutafuta fremu Kariakoo analijua neno kilemba. Mpangaji anayeondoka hakuuzii jengo, maana si lake. Anakuuzia nafasi yake, halafu unakwenda kuelewana na mwenye jengo. Kununua uanachama wa gofu kwa mtu ambaye tayari ni mwanachama kunafanana na hilo. Nchi iliyoufanya biashara kamili, yenye madalali na bei zinazotangazwa, ni Japani.

Katika vilabu vingi vya huko, mwanachama wa mwanzo hakununua kipande cha uwanja. Aliweka amana. Klabu ilizichukua fedha hizo bila riba, ikatengeneza mashimo 18 na jengo lake, ikaahidi kuzirudisha akijitoa baada ya muda, mara nyingi miaka 10. Asiyetaka kusubiri, au aliyeona bei imepanda, anauza. Kwa hiyo mnunuzi anapata vitu viwili: haki ya kucheza kwa bei ya mwanachama, na deni ambalo klabu inadaiwa, yaani ile amana. Hilo la pili husahaulika sana.

Ukishalipa, dalali anakukabidhi bahasha. Ndani mna hati ya uanachama, fomu ya kubadilisha jina, na cheti cha manispaa kinachothibitisha kwamba mhuri uliogongwa ni wa muuzaji kweli, kwani huko mhuri ndio sahihi. Cheti hicho kikipita miezi mitatu, mara nyingi hakipokelewi tena.

Na bado hujawa mwanachama. Kamati ya klabu ina neno lake: kuna usaili, kuna wanachama wa kukudhamini, na kwingine waliangalia hata jinsia. Klabu ya Kasumigaseki, ambayo uwanja wake ulichezewa gofu ya Olimpiki ya Tokyo, haikuwaruhusu wanawake kuwa wanachama kamili hadi 2017. Mimi nisingetoa hata yen moja kabla mkataba haujasema nani anabaki na fedha kamati ikikataa.

Halafu kuna ada ya kubadilisha jina. Hii ni ya klabu, na ikishaingia hairudi. Tuseme tangazo linasema yen 300,000, na ada ya jina ni yen 500,000. Umeshafika 800,000, bado chake dalali, bado ada ya mwaka. Si ajabu ada ya jina kuizidi bei ya uanachama wenyewe. Kama muuzaji ana malimbikizo ya ada ya mwaka, iulize klabu, usimuulize dalali.

Mwishoni mwa miaka ya 1980 hakuna aliyehangaika na mahesabu hayo. Uanachama wa klabu ya Koganei, Tokyo, ulipita yen milioni 400, na watu walinunua hati za vilabu kama wanavyonunua hisa, wengine bila nia ya kushika fimbo. Uchumi ulipoanguka bei zikaporomoka, na wenye hati wakakumbuka amana zao. Wakaenda kudai, wakakuta fedha zilishageuka nyasi na saruji. Vilabu vingi vikafilisika, sehemu kubwa ya amana ikafutwa, na viwanja vikanunuliwa kwa mafungu na wageni: Goldman Sachs, benki ya Marekani, wakawa nyuma ya Accordia, na Lone Star, wawekezaji wa Marekani, nyuma ya PGM, zote mbili kampuni za viwanja vya gofu. Aliyekuwa na hati akabaki na haki ya kucheza tu.

Singapore nako uanachama huuzwa, ila huko jambo la kuuliza kwanza ni ardhi, maana vilabu hukaa kwenye ardhi ya serikali kwa mkataba wenye tarehe ya mwisho. Mkataba wa Keppel Club uliisha 2021 na eneo likapangiwa nyumba za wananchi. Raffles Country Club haikusubiri hata tarehe yake: ilifungwa 2018 ipishe reli ya mwendokasi ya kwenda Kuala Lumpur. Mwanzoni mwa 2021 mradi huo wa reli ukavunjwa.