Je, Wajua Kwa Nini Rangi ya Udongo Haichujuki?

Anika khanga nyekundu juani kila siku uone itakavyopauka. Lakini nenda Kolo, wilayani Kondoa, kwenye michoro ya miambani iliyoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2006: watu na wanyama wekundu waliochorwa kwa udongo karne nyingi zilizopita bado wanaonekana.

Wekundu wa khanga umejengwa na molekuli zenye kaboni, nazo miale ya jua huzivunja. Wekundu wa udongo ni oksidi ya chuma, yaani kutu. Chuma chake kilishaungana na oksijeni zamani. Jua halina la kukifanya.

Siku hizi hata wachoraji wa mitaani, waliozoea makopo ya kupulizia, wapo waliogeukia udongo. David Popa, Mmarekani anayeishi Ufini, huchora nyuso kubwa kwa udongo na mkaa juu ya mapande ya barafu yanayoelea baharini. Barafu ikiyeyuka mchoro unakwenda nayo, na kinachobaki ni picha ya droni.

Anayetaka mchoro wa kutundikwa ukutani ana kazi zaidi. Bonge la udongo hukaushwa, likatwangwa, likakorogwa katika ndoo ya maji. Mchanga hutuama kwanza; yale maji mazito yenye rangi humiminwa upesi kwenye chombo kingine na kuachwa hadi unga laini ushuke chini. Unga huo ukipakwa mkavu hutoka kwa kidole, hivyo huchanganywa na kiini cha yai, gundi ya mgunga au mafuta ya kitani. Ufundi huu una umri: katika pango la Blombos, Afrika Kusini, vilipatikana vyombo vya kombe (gamba la konokono wa baharini) vya miaka 100,000 vyenye mabaki ya udongo mwekundu uliochanganywa na mkaa na mafuta ya mifupa.

Na udongo wa njano? Uweke juu ya moto mkali: maji yaliyofungwa ndani yake hutoka, nao unageuka mwekundu mbele ya macho yako.

Buluu ndiyo taabu, maana udongo wa rangi hiyo ni adimu mno. Ukiuziwa mchoro wa “udongo mtupu” wenye anga ya buluu kali, muulize muuzaji maswali mawili matatu kabla hujatoa pesa.