Dalali anakiita stoo: kukagua chumba cha mnyama kabla hujalipa kodi

Ukikuta chumba kidogo chenye marumaru zilizopanda ukutani hadi kiunoni, bomba lisilo na sinki chini yake, na tundu la kutolea maji katikati ya sakafu, hicho si stoo, hata dalali aape. Stoo haioshwi kwa mpira. Hapo alikaa mnyama. Na mimi, ambaye kazi yangu ni kukagulia watu nyumba hapa Dar es Salaam kabla hawajatoa pesa, nakwambia jambo ambalo wateja wangu hawalitarajii: mara nyingi hicho ndicho chumba kilichojengwa kwa akili kuliko vyote humo ndani.

Masaki, Oysterbay, Mikocheni na Mbezi Beach vyumba vya namna hii si haba. Nyumba za huko zimepita mikononi mwa wapangaji wa kila aina, na wapo waliokaa miaka wakabomoa na kujenga watakavyo. Nimeona bafu la mbwa chini ya ngazi, limezungushiwa kiukuta kinachofika gotini. Nimeona chumba cha kasuku chenye milango miwili ya wavu, wa kwanza ufungwe ndipo wa pili ufunguliwe.

Cha Mikocheni ndicho kilichonifurahisha kuliko vyote. Kiko ghorofani, mwisho wa korido, na tangazo lilisema ni chumba cha mazoezi. Ukutani palikuwa na rafu za mbao zilizopishana, kila moja juu kidogo ya mwenzake, zikipanda hadi karibu na dari na kuzunguka chumba kizima. Kila rafu ilibandikwa kipande cha zulia, na kila kipande kimechakaa katikati, pale pale miguu inapotua. Chini ya mlango kuna tundu la mraba na kijilango cha plastiki kinachoning'inia. Dirishani fundi alitoa fremu ya chuma kwa nje, akaifunga wavu pande zote, ili paka aote jua bila kudondokea kwenye geti la jirani. Dalali alisimama mlangoni akanieleza kwamba rafu zile ni za vitabu.

Ningekuwa natafuta nyumba, ningekichukua bila kusita. Aliyekijenga alijua kitaloa kila siku, kwa hiyo aliipa sakafu mteremko wa kweli, akajaza viungo vya marumaru vizuri, akaweka matundu ya hewa juu na chini. Jaribio lake ni rahisi. Mimina ndoo ya maji pembeni, kisha usimame utazame. Yakienda yote kwenye tundu, sakafu ni nzima. Yakituama kwenye kona, ujue mkojo nao ulikuwa unatuama hapo hapo.

Kuna harufu moja ambayo watu huisingizia wanyama. Tundu la sakafuni huwa na kiwiko chini yake kinachobaki na maji, na maji hayo ndiyo yanayozuia hewa ya chemba isipande. Nyumba ikikaa miezi bila mtu, maji hukauka, uvundo na mende wanapanda pamoja. Mteja anaziba pua anasema "paka hao". Jagi moja la maji linamaliza kesi.

Kinachonitisha mimi ni kingine kabisa: chumba cha kulala cha kawaida ambamo wanyama walifungiwa, kisha kikapigwa rangi. Hicho hakina tundu, hakina mteremko, na dalili zake zimefichwa na mtu aliyetaka zifichike. Hapo ndipo ninapopiga magoti. Naanza na mlango, upande wa ndani, sentimita 30 za chini. Mbwa aliyefungiwa hukwaruza hapo, na fundi huja kuziba kwa puti kisha rangi. Puti haina mishipa ya mbao, kwa hiyo ukimulika tochi kwa ubavu, si kwa mbele, utaziona alama zimelala chini ya rangi. Kisha naangalia skatingi, ule ukanda unaozunguka chini ya ukuta. Kama chumba kimoja tu kina skatingi mpya na vingine vina za zamani, nauliza kwa nini. Halafu kona. Paka dume asiyehasiwa hunyunyiza mkojo ukutani, haumwagi chini, kwa hiyo usikague sakafu peke yake.

Beba taa ndogo ya zambarau, ile wanayotumia madukani kukagulia noti. Funga mapazia, mulika. Mkojo mkavu hung'aa rangi ya manjano iliyofifia. Usiamini taa peke yake, maana sabuni na baadhi ya gundi nazo hung'aa. Iamini pale inapokubaliana na pua.

Pua nayo ina msimu wake. Mkojo una yurea, ambayo bakteria huigeuza kuwa amonia, na hiyo ndiyo inayochoma puani siku za mwanzo. Amonia hupaa, ikaisha. Kinachobaki ni chembe za asidi ya uriki, na hizo haziyeyuki kirahisi kwenye maji, ndiyo maana dada wa kazi anaweza kupiga deki mwezi mzima na bado zipo. Chumba kikiwa kikavu zinatulia. Hewa ikijaa unyevu zinaamka. Kwa hiyo nyumba uliyoitembelea kiangazi ikiwa haina harufu yoyote, njoo uione masika, Aprili, mvua ya siku tatu mfululizo na madirisha yamefungwa. Mteja akiwa na haraka sisubiri masika: naloweka kitambaa kwa maji ya moto, nakilaza kwenye kona ninayoishuku kwa dakika 10, kisha nainama kunusa. Sakafu husema.

Kama ni marumaru nzima, mkojo umeishia kwenye viungo, unaweza kukwangua na kujaza upya. Kama ni sakafu ya saruji iliyosuguliwa tu, au marumaru zilizopasuka, basi umeshuka kwenye zege, na zege hunywa kama andazi kwenye chai. Rangi ya kawaida juu yake haisaidii kitu. Dawa za vimeng'enya zinasaidia zikiachwa ziloe muda mrefu, na baada ya hapo sakafu ikauke kabisa ndipo izibwe kwa epoksi, ile rangi nzito inayoganda na kuwa ngumu. Msikubali fundi azibe sakafu yenye unyevu, epoksi itabanduka. Na tafadhali, msimwage jiki kwenye chumba chenye mkojo kisha mkafunga mlango. Jiki ikikutana na amonia hutoa gesi inayochoma mapafu. Wahudumu wa usafi wanafanya hivyo kila siku wakidhani macho yanawawasha kwa sababu ya uchafu.

Sasa wadudu, ambao ndio wanaowashangaza wapangaji kuliko yote. "Nyumba imekaa tupu miezi minne, kupe watoke wapi?" Watoke ukutani. Kupe wa kahawia wa mbwa anaweza kumalizia maisha yake yote ndani ya nyumba. Jike akishiba humwacha mbwa, hupanda ukuta, huingia kwenye ufa na kutaga mayai kwa maelfu. Akiwa mkubwa anaweza kukaa miezi mingi bila kunyonya damu. Ndiyo maana namkagua juu pia: pale ukuta unapokutana na jipsamu, nyuma ya fremu za milango, kwenye vifuniko vya soketi. Kiroboto mbinu yake ni nyingine. Hujifunga ndani ya kifuko chake na kusubiri, hata miezi kadhaa, mpaka asikie mtikisiko wa nyayo na joto la mwili. Nyumba tupu imelala kimya, unaingia na watoto, wanaamka wote kwa pamoja. Vaa soksi nyeupe ndefu, tembea polepole chumba kizima, hasa kwenye zulia, halafu tazama vifundoni. Ukiwaona, upuliziaji wa dawa ufanyike kabla hujaleta godoro, na urudiwe baada ya wiki kadhaa, maana mayai na vifuko hustahimili mkupuo wa kwanza.

Kuna swali ambalo huku pwani naulizwa hata kabla ya swali la bei: "Injinia, humu ndani mbwa aliingia?" Wateja wangu wengi ni Waislamu, na kwa madhehebu ya Shafii yanayofuatwa zaidi pwani yetu, mate ya mbwa ni najisi, na kilicholambwa huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Hukumu ya chumba kizima si kazi yangu, hiyo ni ya sheikh. Kazi yangu ni kusema ukweli mbwa alikaa wapi: alikuwa bandani uani, au alilala ndani, na vyumba vipi. Dalali anayeficha hilo anamfanyia mtu ubaya, na baadaye mlinzi wa jirani atalisema tu. Ulizeni walinzi. Mlinzi anajua majina ya mbwa wote wa mtaa.

Njiwa wana mambo yao. Vyumba vyao huwa juu ya paa au kwenye kibanda cha nyuma, na kinyesi kikavu ndicho tatizo. Usifagie kikiwa kikavu. Kinaweza kuwa na fangasi wa kriptokokasi, na vumbi lake likivutwa na mtu mwenye kinga dhaifu linaweza kumsababishia homa ya uti wa mgongo. Lowesha kwanza, vaa barakoa, kikwangue kikiwa chepechepe. Kinyesi hicho hicho hula bati. Kama paa hilo ndilo linalojaza simtanki kwa maji ya mvua, basi maji hayo ni ya bustani, si ya kupikia, mpaka paa na mifereji vioshwe.

Tangi kubwa la samaki lililojengwa ukutani, kati ya sebule na sehemu ya kulia, linauza nyumba haraka sana. Mimi huanza kwa kushuka chini nikatazame dari ya chumba kilicho chini yake. Piga hesabu: tangi la mita 1.5 kwa 0.5, lenye kina cha mita 0.6, linabeba lita 450, maana yake kilo 450 za maji peke yake, bado kioo, mawe na meza. Zimekalia eneo la mita ya mraba 0.75, yaani kilo 600 kwa kila mita ya mraba, wakati sakafu ya nyumba ya kuishi kwa kawaida hupigiwa hesabu ya kilo 150 hadi 200 za watu na samani. Slabu haianguki siku hiyo, kwa sababu inagawana mzigo na sehemu nyingine, lakini tangi likae karibu na boriti au ukuta unaobeba, lisiwe katikati ya chumba. Nyufa darini chini yake zinakwambia lilikaa pabaya. Tazama na soketi: waya wa pampu unatakiwa uning'inie chini ya soketi kwanza ndipo upande, ili tone la maji lidondokee sakafuni na si kwenye umeme.

(Nairobi kuna nyumba ya mwaka 1932, Giraffe Manor, ambayo twiga huingiza shingo dirishani wakati wa chai ya asubuhi. Siku hizi ni hoteli. Bado sijaitwa kuikagua.)

Mwisho ni mnyama mwenyewe akiwa bado yupo. Hutokea zaidi kwa kobe: mpangaji ameondoka, kobe kabaki uani, na mwenye nyumba anakwambia "huyo mtabaki naye, watoto watafurahi". Usimpokee. Kobe ni mnyamapori, na kumfuga kunahitaji kibali chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009. Ukihamia naye ndani ya uzio, maswali yatakuwa yako. Kasuku wa kijivu ni vivyo hivyo, na tangu Januari 2017 yuko kwenye Kiambatisho cha Kwanza cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, kwa hiyo nyaraka zake zinatazamwa kwa jicho kali. Mwambie mwenye nyumba awasiliane na TAWA, mamlaka ya serikali ya wanyamapori, na mkataba wa nyumba uandikwe kwamba mnyama anaondolewa kabla ya kukabidhiwa funguo. Kwenye ukurasa huo huo mwandike nani analipia upuliziaji wa kupe na nani analipia sakafu, kabla hujatoa kodi ya miezi sita, kwa sababu ukishaitoa hakuna atakayepokea simu yako kuhusu harufu ya masika.