Vijana wa Kitajiri Walipochorwa Roma

Katika karne ya 18, kijana wa ukoo wa kitajiri wa Uingereza alihesabiwa kuwa ameiva kielimu akishafika Italia. Alisafiri na mwalimu wa kumchunga, wakapitia Paris, wakavuka milima ya Alps, kisha wakazunguka Florence, Venice, Naples na, zaidi ya yote, Roma. Huko mwenye uwezo alimtafuta mchoraji Pompeo Batoni amchore.

Batoni, mtoto wa sonara wa mji wa Lucca, Italia, alizaliwa mwaka 1708 akahamia Roma mwaka 1727. Alianza na picha za dini na za miungu ya kale. Wasafiri wa Kiingereza ndio waliompa jina kwa picha za watu. Alijua wanachotaka: waonekane wasomi. Uso aliuchora mteja akiwa ameketi mbele yake. Nguo na mandhari viliweza kusubiri, hata mwenyewe akishaondoka. Ndiyo maana vitu vilevile hurudi picha hadi picha: kichwa cha sanamu ya Minerva, mungu wa kike wa hekima wa Warumi, chenye kofia ya vita, nguzo, gofu la Colosseum, uwanja wa kale wa michezo. Usidhani kila kijana alimiliki sanamu hizo.

Kanali William Gordon, aliyechorwa mwaka 1766, ndiye aliyepita kiasi. Amelitupia begani shuka la mirabaraba la Kiskoti mithili ya joho la Kirumi, ameshika upanga, na pembeni sanamu ya Roma, mungu wa kike wa mji huo, imeketi kana kwamba inamkabidhi tufe la utawala. Majigambo matupu, lakini kitambaa kimechorwa kwa ustadi kiasi kwamba unamsamehe.

Picha ya Mwingereza Francis Basset ya mwaka 1778 ina kisa zaidi. Ameshika ramani ya Roma, nyuma yake kuna Kanisa la Mtakatifu Petro. Ilipakiwa bandarini Livorno katika meli Westmorland, wakati Ufaransa na Uingereza ziko vitani. Januari 1779 Wafaransa wakaiteka meli hiyo, wakaipeleka Málaga. Kazi za sanaa zilizokuwamo zikanunuliwa na Mfalme Carlos III wa Hispania. Nyingi zilitiwa herufi P.Y., kifupi cha Presa Ynglesa, yaani “nyara ya Kiingereza” kwa Kihispania, na herufi hizo zimewasaidia wataalamu kuzitambua. Picha ya Basset haikufika kwao Uingereza. Leo iko Makumbusho ya Prado, Madrid.