Umekamatwa kwenye maandamano siku ya Ijumaa: utatoka lini?

Uchaguzi mkuu wa Kenya ni Agosti 10, 2027, na vijana wameshaanza kuniuliza: "Wakili, kibali cha kuandamana tunakiomba wapi?" Hamkiombi popote. Ibara ya 37 ya Katiba inampa kila mtu haki ya kukusanyika, kuandamana na kuwasilisha malalamiko kwa mamlaka za umma, mradi awe na amani na asibebe silaha. Kinachotakiwa na Sheria ya Utulivu wa Umma ni mwandalizi kumwarifu OCS, yaani mkuu wa kituo cha polisi, kwa maandishi, siku zisizopungua 3 wala kuzidi 14 kabla ya maandamano, akitaja mahali, njia mtakayopitia na saa, ambazo ni kati ya kumi na mbili asubuhi na kumi na mbili jioni. OCS anaweza kukataa ikiwa kuna wengine waliotangulia kuarifu kwa mahali na wakati uo huo. Pelekeni barua nakala mbili, moja igongwe muhuri mrudi nayo. Kituo kikikataa kupiga muhuri, andikeni jina la afisa na saa.

Msimu wa uchaguzi ukipamba moto, serikali hupenda kupiga marufuku maandamano katikati ya miji. Oktoba 2017, kabla ya uchaguzi wa marudio, ilifanya hivyo Nairobi, Mombasa na Kisumu. Julai 2024 ikawa zamu ya polisi, Nairobi. Mara zote mbili Mahakama Kuu ilisitisha marufuku hayo. Lakini amri ya mahakama haizuii rungu la asubuhi ile, ndiyo maana mimi huwazungumzia vijana zaidi kuhusu kukamatwa.

Ibara ya 49 inasema ufikishwe mahakamani ndani ya saa 24. Umekamatwa Jumanne saa nne asubuhi? Jumatano saa nne uwe umesimama kizimbani. Ijumaa ni hesabu nyingine. Saa 24 zinaishia Jumamosi, siku ambayo si ya kawaida ya mahakama, na hapo Katiba yenyewe inawapa polisi hadi mwisho wa siku ya mahakama inayofuata. Yaani Jumatatu jioni. Kamatakamata ya Ijumaa haikuanza kwa bahati mbaya. Dawa yake ni dhamana ya polisi (bond), ambayo OCS anaweza kuitoa wikendi na ambayo hailipiwi hata shilingi. Ukiombwa "ya chai", hiyo ni hongo.

Shtaka nalo lina uzito wake. Kwa kosa ambalo adhabu yake ni faini pekee, au kifungo kisichozidi miezi sita, Katiba inakataza kukuweka rumande. Lakini mkusanyiko haramu, ambao watu watatu tu wanatosha, adhabu yake hufika mwaka mmoja, kwa hiyo kinga hiyo haikufuniki. Bado una haki ya dhamana isipokuwa upande wa mashtaka uonyeshe sababu nzito. Baada ya maandamano ya Juni 25, 2025, baadhi ya vijana walifikishwa Mahakama ya Kahawa kwa mashtaka ya ugaidi, na hapo mvutano wa dhamana huwa mkali zaidi.

Kuna kundi ambalo sina maneno matamu nalo: vijana wanaobebwa na mwanasiasa kwa noti ya mia tano kwenda kuvuruga mkutano wa mwenzake. Wakikamatwa, simu ya mkubwa ni mteja, haipatikani. Sheria haiulizi nani alikulipa nauli.

Kituoni, sema jina lako na kwamba unataka wakili. Maelezo mengine yasubiri, kwa sababu kunyamaza ni haki yako. Usitie sahihi taarifa usiyoisoma. Simu yako ina faragha inayolindwa na Katiba, kwa hiyo usitoe namba ya siri kwa sababu tu afisa amekaripia. Na hakikisha umeandikwa kwenye OB, daftari la matukio la kituo, kisha namba ya maandishi hayo imfikie mtu aliye nje, kwani waandamanaji huhamishwa kutoka kituo hadi kituo usiku. Nikiwa na namba ya OB, najua ni OCS yupi wa kumuuliza. Nisipokuwa nayo, na kila kituo kikanijibu kwamba hakimjui mtu huyo, inabaki kwenda Mahakama Kuu kuomba polisi waamriwe kumleta mbele ya jaji.