Ofisi kwenye jengo la zamani: tutoboe kuta au tutegemee Wi-Fi?

Hapa Jinja, Uganda, ofisi nyingi ninazofungia mtandao ziko kwenye majengo yaliyosimama tangu kabla ya uhuru wa 1962. Kuta ni nene, za tofali za kuchoma, na mwenye jengo hataki kusikia habari za drili. Basi wapangaji huniuliza kama ruta moja yenye nguvu haitoshi.

Haitoshi. Ruta hata ikipaza sauti namna gani, simu na kompyuta nazo lazima ziijibu, na nguvu zao ni ndogo. Ndiyo maana unaona alama ya Wi-Fi imejaa, lakini barua pepe haiendi. Mawimbi ya gigahezi 5 yana kasi, ila ukuta mnene huyadhoofisha upesi. Yale ya gigahezi 2.4 hupenya vizuri zaidi, lakini yana chaneli (njia za mawimbi) 3 tu zisizoingiliana (1, 6 na 11), na maduka jirani tayari wamezijaza. Tena wote walio kwenye chaneli moja hupokezana zamu. Kwa waya, kila mashine ina njia yake mpaka kwenye swichi (kisanduku kinachounganisha kebo zote za mtandao), inatuma na kupokea kwa wakati mmoja.

Ushauri wangu ni huu: waya kwanza, kisha Wi-Fi isimame juu ya waya. Kompyuta za mezani, printa na mashine ya keshia zipate kebo. Aksesi pointi ndogo (vifaa vinavyorusha Wi-Fi) ziwekwe ndani ya vyumba vyenyewe, kila moja na kebo yake, kwa ajili ya simu na laptopu. Hapo hutoboi kila ukuta. Trankingi, yaani mfereji wa plastiki wa kufichia kebo, inapita koridoni, na kila chumba kinapata tundu moja juu ya mlango. Kebo isizidi mita 100 toka kwenye swichi, wala isibanane na nyaya za umeme. Paa likiwa la asbesto, msiliguse kabisa. Vumbi lake ni hatari kwa mapafu.

Nunua kebo ya shaba tupu. Kwangua uzi wake kwa kisu: ukiona weupe ndani, hiyo ni alumini iliyopakwa shaba, iache dukani. Nasisitiza hilo kwa sababu kebo hiyohiyo inaweza kupeleka umeme kwenye aksesi pointi ukitumia swichi ya PoE, yaani inayopitisha umeme kwenye kebo ya mtandao. Kiwango cha kwanza cha PoE, cha 2003, hutoa hadi wati 15.4 kwa kila tundu la swichi. Faida yake mtaiona umeme ukikatika: UPS moja (betri ya akiba) kwenye ruta na swichi, ofisi nzima inabaki hewani.

Na radi! Ukanda huu wa ziwa Victoria una ngurumo nyingi mno. Kebo ya shaba iliyotandazwa nje kati ya majengo mawili inaweza kuingiza mshtuko wa radi na kuunguza vifaa vya pande zote mbili. Kati ya jengo na jengo tumia faiba, yaani kebo ya nyuzi za kioo, maana kioo hakipitishi umeme.

Kabla ya kununua chochote, funga milango yote, pita na simu yenye programu ya kupima mawimbi. Penye udhaifu kuliko -67 dBm (kipimo cha nguvu ya mawimbi; -75 ni dhaifu kuliko -67), kazi za sauti na video zitasumbua. Na kama mkataba wa pango ni mfupi, bandika trankingi juu ya ukuta bila kuchimba. Mkihama, swichi na aksesi pointi mnaondoka nazo.